Hodi ya Bawa

1

Ukitua Ihelanya, umetua mbele za watu. Hilo ulijue kabla hujaondoka ulikotoka. Uwanja wetu umekaa juu kabisa ya mgongo wa mlima, huku Makete, na ubavuni mwake Bupe Chaula amejenga kibanda cha chai chenye kibaraza kirefu cha mbao. Kibaraza hicho hakijawahi kuwa kitupu. Wapo wanaokuja kupokea mizigo, wapo wanaokuja kupokea ndugu, na wapo sisi wengine tunaokuja kupokea maneno. Ndege ikianza kuteremka, vikombe vinawekwa chini, makoti yanafungwa vifungo, na kesi inasikilizwa.

"Huyo nani?"

"Mtoto wa Msigwa, yule mwenye duka Songea."

"Mbona anakuja juu hivyo? Anapita kwenda wapi?"

"Acha wasiwasi, Mkunga atamshusha."

Ndege zenyewe ni hizi zetu za watu binafsi: viti vinne, betri tumboni, na mara nyingi kiti kimoja kimekaliwa na gunia la viazi lililofungwa mkanda kama abiria. Babu zetu walishuka kutoka milima hii wakafungua maduka Mbeya, Songea na Kariakoo. Wajukuu wameongeza mabawa tu. Mtu ana duka kule na mama huku, atafanyaje?

Na Mkunga ndiye anayewateremsha. Ni mtambo, lakini usimwite hivyo mbele ya Bupe, utanyimwa chai. Zamani, kabla yake, ndege ndogo ziliua watu wengi wakati wa kutua kuliko wakati mwingine wowote. Kupaa, hata mlevi anapaa. Kazi iko kwenye kurudi. Basi wakachukuliwa marubani wetu kumi na mmoja, wale bora kuliko wote, wakavishwa glavu zinazohisi kila kidole kinavyosukuma na kuvuta. Wakaruka na kutua, wakaruka na kutua, masika na kiangazi, na kila walichofanya Mkunga akakinywa. Hakufundishwa hesabu za kutua. Alifundishwa mikono. Ndiyo maana leo ndege ndogo za Lesotho, za Nepali na za Bolivia, popote penye mlima mrefu na uwanja mfupi, zinatua kwa mikono ya watu wa Ihelanya. Tukisema hivyo tunavimba kidogo. Wewe ungekuwa na mikono hiyo usingevimba?

Ndege ya mtoto wa Msigwa ikapita juu ya mabati ya mtaa wa juu. Bawa la kushoto likainama mara moja, likanyooka. Kisha ndege ikashuka, ikagusa lami laini kama mtu anayelaza mtoto. Kibaraza kikapiga makofi. Kule kuinama hakuna aliyekutaja, maana hakuna aliyekutilia maanani. Ni kawaida. Rubani wa Ihelanya akipita juu ya nyumba ya kwao huinamisha bawa, ili mama ajue mwanawe amefika. Tunaiita hodi.

Meza ya mwisho alikuwa amekaa Atuganile Tweve, mlezi wa Mkunga. Mlezi maana yake ni kwamba yeye ndiye humtunza, humrekebisha na, ikibidi, humlaza, yaani humzima kabisa. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia kioo chake akitazama picha za ajali iliyotokea Lesotho, anazirudisha nyuma, anazitazama tena. Sasa alikuwa ameinua kichwa anaitazama ndege ya mtoto wa Msigwa.

"Imeinama," alisema.

"Nini?" Bupe akauliza.

"Ndege. Imelalia kushoto."

"Si imepiga hodi? Wewe Atu umelala wapi leo?"

Atuganile akasimama, akachukua kioo chake, akaondoka. Chai aliiacha nusu kikombe. Na chai ya Bupe kuachwa nusu, hapa kwetu hiyo peke yake ni habari ya kutosha siku nzima.

2

Chumba cha Mkunga kiko nyuma ya ghala la viazi, kwa sababu pale ndipo penye baridi ya bure. Mwenyekiti wa ushirika, Sigfrid Mbilinyi, alifika akiwa bado anatafuna. Ni mtu mnene, mchangamfu, hana adui. Ushirika unaommiliki Mkunga ameulea yeye tangu ukiwa mkutano wa watu sita chini ya turubai.

"Tazama hii, Mwenyekiti."

Kwenye kioo kulikuwa na uwanja mdogo katikati ya milima ya kahawia, hauna mti hata mmoja. Ndege nyeupe ikawa inakuja vizuri, imetulia. Halafu, chini kabisa, karibu ifike, bawa la kushoto likainama. Halikunyooka. Ndege ikajikunja ubavu ikapiga ardhi.

Alikufa abiria mmoja, mwalimu aliyekuwa anarudi kazini. Rubani, Lineo Mokhethi, alivunjika mguu. Tume ya kwao ilikuwa imekwisha kusema kwamba Mkunga hana kosa. Eti Lineo aliingiwa na hofu akashika usukani. Wiki inayofuata angenyang'anywa leseni, kisha apelekwe mahakamani kwa kifo cha mwalimu yule.

"Hakushika," alisema Atuganile. "Ile ni hodi."

Mwenyekiti aliacha kutafuna. "Hodi ya nani? Kule ana mama?"

"Mkunga hajui mama ni nini. Anajua mikono. Mikono kumi na moja, kila inapotua, kabla ya kugusa ardhi inalaza bawa la kushoto. Kwake yeye huko ndiko kutua."

"Na wataalamu wote waliomkagua?"

"Waliona. Wakadhani tunarekebisha upepo. Hawakutuuliza, na sisi hatukuwaambia. Nani anamweleza mgeni kwamba kabla ya kuingia ndani huwa anapiga hodi?"

"Mbona hapa hazianguki?"

Atuganile alimweleza, na alimweleza kwa kijiko, maana Mwenyekiti alikuwa nacho mfukoni. Ndege inapotua inakwenda polepole, karibu na mwisho wa polepole yake. Ukiilaza upande wakati huo, hewa inakaribia kulikimbia bawa la chini. Ikilikimbia kabisa, bawa haliruki tena, linakuwa kipande cha bati tu kinachotafuta ardhi. Ihelanya kuna upepo unaopanda kutoka bondeni, upande wa kushoto, saa zote za mchana. Huo ndio unaolikinga bawa.

"Sisi tunasema ni ustadi," alisema.

"Ni ustadi!"

"Ni upepo, Mwenyekiti. Ustadi upo, lakini hapo ni upepo."

Mwenyekiti akakaa. Kwa mtu aliyejengwa kwa sifa za uwanja ule, maneno hayo ni mazito kuliko gunia.

"Basi ikate hiyo hodi. Leo hii."

"Nimejaribu kwenye ndege ya kuigiza. Kule kuinama ndiko kunakoishusha. Ukikata, ndege inafika juu mno, inamaliza uwanja wote ikiwa bado hewani. Lazima afundishwe upya, na mikono ileile. Na wakati wa kufundishwa, alale. Kila mahali."

"Desemba hii?"

Hapo sasa. Desemba kila Mkinga, yaani kila mtu wa milima hii, anarudi nyumbani, hata aliyenuna. Anga lote la Makete hujaa ndege kama mbayuwayu.

Mwenyekiti alizungumza taratibu, bila hasira. "Sikiliza, Atu. Watu wetu hawajatua kwa mikono yao miaka mingapi? Ukimlaza Mkunga, wapo watakaosikia, wakaacha ndege. Na wapo wabishi, unawajua kwa majina, watakuja wenyewe. Hao utawaua wewe. Ngoja. Sikukuu zipite, tufundishe kimyakimya, tutume kama marekebisho ya kawaida."

"Na kule kwingine kuendelee kuinama? Na Lineo?"

"Lineo yuko hai." Alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba maneno yenyewe hayakumpendeza. "Atu, mtoto wa hapa akienda kuomba kazi popote duniani, wakisikia Ihelanya wanasimama. Kesho watamwuliza, ninyi si ndio wale mlioua mtu kwa mbwembwe? Unataka hiyo?"

Atuganile alikizima kioo, akachukua koti lake. Kati ya mikono ile kumi na moja, ya kwanza ilikuwa ya baba yake. Na aliyeanzisha hodi ni huyohuyo.

3

Mzee Ambakisye Tweve alikuwa ameketi mbele ya moto na bilauri ya pombe ya ulanzi, koti la urubani mabegani. Kustaafu amestaafu, lakini koti halijastaafu. Mkewe, Bi Yudita, alikuwa anamenya viazi na kumsimulia habari za harusi ambayo hakuhudhuria, lakini ungedhani ndiye aliyemvisha bibi harusi.

Atuganile alisema yote, amesimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimeua mtu Lesotho," alisema Mzee.

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema kwa njia ndefu." Akaweka bilauri chini. "Kabla yangu, hapa palikuwa na mabaki ya ndege pande zote mbili za uwanja. Wazungu waliandika kwenye ramani zao, usitue hapa. Nikatua. Nikatua na mvua, nikatua na ukungu, nikatua na mama mjamzito nyuma anapiga kelele. Ile hodi ndiyo sahihi yangu. Dunia nzima imechukua kila kitu kutoka kwangu, na hicho nacho unataka nikifute kwa mkono wangu?"

"Nataka uvae glavu, utue mara nyingi, bila hodi."

"Nipite juu ya paa la mke wangu kama mgeni?"

"Kwani ukiinama mimi napata nini?" aliuliza Bi Yudita, bila kuinua macho kwenye kiazi.

Mzee akageuka. "Si ndiyo ilikuwa inakuambia uweke chai?"

"Baba Atu, niwe nje nakodolea anga kila siku, kazi zangu afanye nani? Mimi chai naweka nikisikia wambea wa kwa Bupe wanapiga makofi. Hilo bawa lako nimeliona labda Pasaka moja, nilikuwa naanika nguo."

Mzee Ambakisye alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa nyumba anayoishi ni ya jirani.

"Miaka yote hiyo hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi. Ningesema ili iweje?"

Akavaa kofia, akatoka. Mlango hakuubamiza. Kwa anayemjua, hiyo ni mbaya kuliko kubamiza.

4

Kumlaza Mkunga ni jambo jepesi la kutisha. Mlezi anaweka kiganja kwenye kioo, mtambo unamwuliza sababu, anasema sentensi moja au mbili, na maneno hayo yanasomwa papo hapo mbele ya kila rubani mwenye Mkunga. Walio hewani Mkunga huwashusha kwanza, kwa njia ndefu, mahali pana. Halafu haamki mpaka mlezi amwamshe.

Atuganile alikwenda kufanya hivyo kibarazani kwa Bupe, mchana, watu wamejaa. Angeweza kufanya chumbani peke yake. Alisema baadaye kwamba jambo la aibu lililofanyika mbele za watu huwa nusu ya uzito, na sisi kibarazani tulikubaliana naye, ingawa siku ile tulitaka kumtupia vikombe.

Akaweka kiganja. Akasema kwa sauti:

"Mkunga anainamisha bawa la kushoto kwa sababu sisi wa Ihelanya tulimfundisha kusalimia nyumbani, bila kujua. Rubani wa Lesotho hakukosea. Msiruke mpaka tumfundishe upya."

Kioo kikazimika.

Wee! Nani aliyekuwa kimya? Msigwa alisimama kwenye benchi. "Mwanangu arudi Songea na nini, na punda?" Mwingine akadai Atuganile amenunuliwa. Mwenyekiti Mbilinyi alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani. Mama mmoja wa mtaa wa juu akalia kweli, na ukimsikiliza hakulilia ndege, alilia hodi, maana wanawe watatu walikuwa mbali na ile ndiyo ilikuwa salamu yao.

Katikati ya kelele hizo kioo cha Atuganile kikaita. Akatazama jina, akakiweka mezani sauti ikiwa wazi. Pale meza ilipo, hakuna siri inayokaa.

"Naitwa Lineo Mokhethi," ilisema sauti, kwa Kiswahili cha shuleni, kila neno limenyooka. "Ninaomba kuzungumza na mtu aliyeandika ujumbe."

"Ni mimi. Atuganile."

"Dada Atuganile. Nina swali moja. Mlikuwa mnamsalimia nani?"

Msigwa akashuka kwenye benchi.

"Mama zetu," alisema Atuganile.

Tulisikia mahali alipo Lineo kuna kuku.

"Mimi nilisema sikushika usukani," alisema hatimaye. "Nilisema siku ya kwanza na siku ya pili. Baadaye nikaanza kuona labda nilishika. Ninakaa ninautazama huu mkono. Ninauuliza, ni wewe? Mama wa yule mwalimu alikuja kuniona, na mimi nikamwambia ndiyo, labda ni mimi."

"Si wewe."

"Sema tena, tafadhali. Tume itasema nimeota."

Kabla Atuganile hajafungua mdomo, mtu aliinama juu ya meza akakisogelea kioo. Koti la urubani. Hatukumwona alipoingia, alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na magunia.

"Mwanangu," alisema Mzee Ambakisye, "hapa anaongea Ambakisye Tweve. Ile ni yangu. Bawa lile nililiinamisha mimi. Mkono wako hauna neno. Waambie tume wanipigie mimi, nina maneno mengi na nina muda."

Akanyooka, akatutazama sote kama abiria waliogoma kufunga mkanda.

"Kamwene," alitusalimia. "Nani ana glavu?"

5

Walibaki saba kati ya wale kumi na mmoja. Wanne wamezikwa pale mteremkoni, chini ya uwanja, na kati ya hao hakuna aliyekufa akitua, tungependa ieleweke. Saba wakaja wote, hata yule anayetembea kwa magongo, ambaye ilibidi apandishwe kwenye ndege na watu wawili akiwatukana.

Mwenyekiti Mbilinyi aliinuka kwenye ngazi yake akafanya kazi aliyozaliwa kuifanya. Akapiga simu kwa wabishi, kila mmoja kwa jina, akawaambia atakayetua kwa mkono wake Desemba hii atamkuta yeye Mbilinyi amelala katikati ya uwanja, na tumbo lake wanalijua. Watu wakaja kwa barabara. Wakalalamika, wakatapika kwenye kona za Kitulo, lakini wakaja. Hatujawahi kuwa na Desemba iliyojaa watu namna ile kwa Bupe. Ndege zimelala, watu hawana pa kukimbilia, basi wote wako kibarazani kutazama wazee wakimfundisha Mkunga.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mzee Ambakisye, na kuhusu hilo hakuna aliyethubutu kubisha.

Alipaa vizuri, akazunguka juu ya bonde, akaja. Atuganile alikuwa na kioo na redio pembeni ya uwanja, amekaza taya. Bi Yudita naye alikuwa amekuja, na kitenge chake cha kanisani, amekaa mbele kabisa. Ndege ikafika juu ya mabati ya mtaa wa juu. Tuliona bawa la kushoto likitikisika, kidogo tu, kama mkono wa mtu aliyezoea kuvua kofia halafu akakumbuka hana kofia.

Halikuinama.

Na kwa kuwa halikuinama, alikuwa juu mno. Tulijua, naye alijua. Akasukuma pua chini kwa nguvu, ndege ikaja kasi, magurudumu yakapiga lami kwa sauti iliyowatoa ndege wa angani kwenye nyasi. Ikaruka. Ikapiga tena. Mkia ukachapa kushoto, ukachapa kulia, gurudumu moja likaingia kwenye majani, likatoka, na ndege ikasimama mbali kabisa, mahali ambapo kwa kawaida watu husimama kutazama bonde.

Miaka yote ya kibaraza kile hatujawahi kuona kutua kubaya namna ile. Angekuwa mtu mwingine tungemwimbia mpaka Pasaka.

Bi Yudita ndiye aliyesimama. Akapiga kigelegele kimoja kirefu, na Bupe akakidaka, na wanawake wa mtaa wa juu wakakidaka, yule aliyelilia hodi akiwa wa kwanza kati yao. Wanaume wakapiga benchi kwa viganja. Msigwa alikuwa analia na kucheka, anamwambia kila mtu, mmemwona, mmemwona mzee, kama vile kuna aliyekuwa anatazama kwingine.

Atuganile alifika kwenye ndege akihema. Baba yake alikuwa bado kitini, glavu mkononi, jasho linamtiririka katika baridi ile.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Mbaya, baba."

"Mbaya kiasi gani?"

"Mbaya sana. Nataka kuifuta hiyo, Mkunga asiione."

"Usifute." Akavuta pumzi. "Mwache aone. Kuna siku yule binti wa Lesotho atakuja juu mno, na Mkunga ni lazima ajue mtu anajitoaje hapo. Hilo nalo ni mkono." Akatazama kibaraza, watu wote wamesimama, kelele zinafika mpaka bondeni. Akalivuta koti vizuri mabegani. "Haya, wabadilishe betri. Safari hii nashuka mapema."